Niliyempigia Paroko ni Mimi

Granville, Sydney
Jumapili, baada ya Misa

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako na karatasi hii, kwa hiyo nimekusubiri kidogo. Shikamoo Baba. Mnaendeleaje huko nyumbani? Kifua cha Mama kimetulia? Na vile vidonge ulivyopewa hospitali ya misheni, unavimeza kwa saa zake, au bado unavimeza siku ile tu unayojisikia vibaya? Sisi huku tu wazima. Mkweo Deusi bado anaendesha lori la makontena kutoka bandarini Port Botany, na kila akirudi analalamikia mgongo mpaka anikumbuke mimi ninayewageuza wazee vitandani kutwa nzima, hapo ananyamaza. Mjukuu wako Neema ametimiza miaka kumi na ananifikia begani. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ambacho hatukutaka akisikie, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Usishtuke kupata barua katika zama hizi. Simu yako mkiipokea mnaweka sauti ya nje, ukoo mzima unakusanyika, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi naye ananisalimia. Jambo nililo nalo si la sauti ya nje. Nimempa barua hii mama mmoja wa Mbinga anayekuja likizo, nikamwomba aiweke mkononi mwako wewe, si mkononi mwa Kaka Gaspa. Inahusu kuachishwa kwako ukatekista, na inahusu wewe na rafiki yako mzee Anselmi kutosalimiana tangu Pasaka. Ni jambo la kuungama. Nitafika huko, ila naomba uniache nianzie mbali kidogo, maana ndivyo lilivyonifika.

Hapa Granville tuna Misa ya Kiswahili mara moja kwa mwezi. Wengi wetu ni Warundi waliokulia kambini kule Kigoma, wapo Wakongo, halafu sisi Watanzania wachache tunaojiona ndio wenye lugha. Mwezi uliopita, sikukuu ya yule mtakatifu wako, Papa Mpolandi, ilipokaribia, mwenyekiti wetu ambaye ni mama wa Kirundi alinishika mkono pale nje ya kanisa.

"Skola, baba yako ni katekista, si ndiyo? Watoto yetu haijui kitu juu ya ule Papa. Utawaelezeya dakika kumi tu, inatosha, c'est bon."

Nikakubali kabla ya kufikiri. Nilivimba kichwa, Baba. Kusikia "baba yako ni katekista" mbele za watu, nikasahau kabisa kwamba siku hizi wewe si katekista tena, na nikasahau ni kwa nini.

Sikuhitaji kitabu. Maisha ya Papa yule nilikuwa nayo kichwani kama ulivyokuwa ukitusimulia kila mwaka tukisubiri Kipaimara. Mama yake kufariki akiwa bado mdogo wa shule. Kaka yake daktari kuambukizwa na wagonjwa wake na kufa. Baba yake naye kumtangulia wakati wa vita, akabaki peke yake duniani. Kazi ya kupasua mawe machimboni, na kusomea upadri kwa siri, majeshi ya kigeni yakiwa yameikalia nchi. Hapo kwenye mawe ulikuwa unatuonyesha viganja vyako mwenyewe. Halafu unafika Songea, siku alipokuja kwetu, wewe ukiwa katekista kijana uliyepanda lori na kwaya nzima. Mwaka wa kwanza ninaoukumbuka ulisema ulimwona kwa mbali sana, mweupe, kama punje ya mchele. Nilipofika darasa la saba ulikuwa umeshasogea, unaiona pete. Mwaka niliomaliza sekondari nusura akushike mkono. Tulicheka sana, mimi na Kaka Gaspa, lakini hatukuthubutu kukuuliza ni nani aliyekuwa anakusogeza.

Sasa nikupeleke kazini kwangu. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, upande wa Rooty Hill, yupo mzee mmoja Mpolandi anaitwa Kazimierz. Alikuja Australia kijana akafanya kazi ya uashi maisha yake yote. Ana ugonjwa huohuo wako wa kutetemeka. Mkono wa kulia unacheza, uso umekuwa mgumu kutabasamu, hatua zimekuwa fupi. Mimi ndiye ninayemnywesha chai ya saa nne, na nilikuwa nikijiona hodari wa kazi hiyo. Chai ikianza tu kumwagika, namchukulia kikombe, namshikia mdomoni, nafuta kidevu, nakwenda kwa mwingine. Tuna wazee wengi na dakika chache.

Siku moja ya wiki ile nilipomchukulia kikombe, akanishika kifundo cha mkono. Sikujua kama bado ana nguvu kiasi kile.

"Nimekuomba?" akaniuliza kwa Kiingereza chake kizito.

"Inamwagika, mzee wangu."

"Ni chai yangu. Shati ni langu. Kinachokuuma wewe ni nini?"

Nikamrudishia. Nikakaa, nikamtazama akinywa. Ilichukua muda wa kusali rozari nzima, Baba, na shati lililowa kweli, lakini aliimaliza. Ili kupoza hasira yake nikamwambia nina kazi ya kuwaeleza watoto habari za Papa wao. Uso wake haufunguki tena, ila macho yalifunguka. Akanisimulia alivyokwenda kumwona kwenye uwanja wa mbio za farasi kule Randwick, yeye na mkewe, wamebeba mkate na soseji tangu alfajiri. Nikamwuliza, kwa kumchokoza, kama alimwona kwa karibu. Akasema walikuwa mbali mno, mkewe alilia bure kwa mtu ambaye huenda alikuwa askofu mwingine. Ningependa mkutane, wewe na yeye.

Kisha akanieleza mwisho wake. Nilikuwa naujua, kwa sababu wewe pia ulikuwa unaufikia, lakini wewe uliupitia haraka, labda kwa sababu sisi tulikuwa watoto. Yeye aliusema polepole. Kwamba Papa yule aliyepanda milima na kuteleza kwenye theluji alianza kutetemeka mbele ya dunia nzima. Kichwa kikainama, mate yakawa yanamtoka, maneno yakawa hayaeleweki, na wakubwa wengine wakaanza kusema afadhali apumzike, si picha nzuri kwa Kanisa. Hakutoka madarakani. Pasaka yake ya mwisho walimsogeza dirishani, uwanja umejaa watu. Akaletewa kipaza sauti, akafungua mdomo, sauti ikakataa. Akabariki kwa mkono tu, wakamrudisha ndani. Siku chache baadaye akafa.

"Mke wangu alisema wangemficha," mzee Kazimierz akaniambia. "Mimi nilikuwa mzima wakati ule, nikakubaliana naye. Nikasema, masikini, wamfungie pazia. Sasa mimi ndiye ninayetetemeka, na nakuambia, asante Mungu hawakulifunga."

Nilitoka mle chumbani nikaenda kusimama kwenye chumba cha kuwekea mashuka. Nadhani nilikaa humo muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa.

Jumapili ikafika. Watoto walikaa mbele, wazazi nyuma, Deusi ananipiga picha. Nilianza vizuri, Baba, ungejivuna. Nikaeleza machimbo ya mawe, nikaonyesha viganja vyangu. Nikaeleza mtu aliyempiga risasi uwanjani na Papa alivyomtembelea gerezani kumsamehe. Nikaeleza safari zake, alivyokuwa akibusu ardhi ya watu, na Songea, na punje ya mchele, wakacheka. Nilipofika kwenye ugonjwa nikasema, "Hakujificha," na nikashindwa kuendelea. Nilisimama pale mbele nimeshika kipaza sauti. Yule mama wa Kirundi akadhani nimezidiwa na uchaji, akaanzisha wimbo kuniokoa. Watu walinipongeza mlangoni, kila mmoja akisema nimehubiri kwa moyo, nami nilitamani ardhi inimeze.

Ndani ya gari Neema alikuwa akitazama nje mpaka tulipokaribia nyumbani. Kisha akasema, "Mum, if the Pope didn't hide, why did you tell Father to make Babu stop? I heard you on the phone." Yaani, kama Papa hakujificha, mbona mimi nilimwambia Padri akuachishe wewe, Babu yake.

Deusi akageuka kunitazama, akasahau kwamba taa zimewaka kijani. Hata yeye alikuwa hajui.

Baba, niliyempigia Paroko ni mimi.

Ilikuwa baada ya ile video ya Jumapili ya Matawi. Wewe labda hukuiona. Mmoja wa binamu zangu aliirusha kwenye kundi la ukoo, sijui kwa nia gani. Unasoma, mkono unacheza, Kitabu cha Masomo kinateleza kinaanguka, unainama kukiokota na mtu fulani nyuma anacheka. Chini yake mmoja akaandika, "Mzee kapitia kangara nini?" kana kwamba umelewa. Wengine wakaweka vicheko. Mimi nilikuwa ndani ya treni naenda kazini, nikaichomeka simu mfukoni haraka kana kwamba abiria wale wanajua Kiswahili. Nililia, lakini nikueleze ukweli, sikulia kwa kukuhurumia. Niliona aibu. Wewe ambaye hata togwa ikichacha huigusi, na mimi binti yako najua hivyo, na bado sikuwaandikia neno la kukutetea. Nilichofikiri ni nani tena ataiona video ile, na kama watu wa kwetu waliopo Sydney wameshaipata.

Siku hiyohiyo jioni, nimesharudi kutoka kazini, nikampigia Paroko nimesimama nyuma ya nyumba karibu na mapipa ya taka, chini ya dirisha la Neema. Nikajitia utaalamu. Nikamwambia mimi huku ninawatunza watu wenye ugonjwa huo, ninajua unavyokwenda, kwamba utaanguka altareni siku moja, kwamba familia nzima tumekubaliana upumzike. Familia nzima! Sikuwa nimemwuliza hata Mama. Paroko alisita. Mara mbili aliniuliza, "Mzee mwenyewe anasemaje?" Nikamjibu kwamba wewe huwezi kulisema kwa kinywa chako, ila moyoni umechoka na unasubiri mtu akuondolee mzigo. Huo ulikuwa uongo, na nilikuwa najua ni uongo wakati unanitoka. Nikamwomba asitaje jina langu. Mtu akiwa ng'ambo, Baba, watu wa nyumbani humsikiliza kupita kiasi. Nililijua hilo na nikalitumia.

Mengine unayajua kuliko mimi. Paroko aliandika barua ya kukushukuru. Mzee Anselmi akaisoma mbele ya watu kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kigango na hakuwa na namna. Mkanywa soda, ukavalishwa shati la kitenge, ukapewa kiti cha kuegemea ambacho Mama ananiambia hujakikalia hata siku moja. Na kwa kuwa wiki chache kabla Anselmi alikuambia, kwa urafiki, "Ndugu yangu, pumzika kidogo," wewe ukaunganisha moja na moja. Ukaamini ni yeye aliyekwenda kukusemea parokiani. Mtu mliyefyatua naye matofali ya kanisa lile, aliyesimama nawe siku ya ndoa yako. Mama aliponieleza kwamba mnapishana njiani kama wasiojuana, na kwamba Jumapili unafunga mlango unasali chumbani peke yako, nilimwambia, "Wazee nao, watapatana tu." Nilimwambia hivyo huku nakoroga chai.

Unaona sasa kwa nini sikutaka sauti ya nje.

Ulipokuwa unatueleza Papa alivyokwenda kumwona aliyempiga risasi, ulikuwa unatutaka tuangalie viti. Walikaa karibu, ulisema, magoti yanakaribia kugusana, wananong'ona, na waliokuwa mlangoni hawakusikia. Mimi ningependa tukae hivyo, lakini likizo yangu haifiki mpaka Juni mwakani, na miezi hiyo yote siwezi kukuacha ukimchukia mtu asiye na kosa. Nisamehe, Baba. Sikukulinda kama nilivyomdanganya Paroko na kama nilivyojidanganya mwenyewe. Nilijilinda mimi. Ukishindwa kunisamehe haraka nitaelewa, nami nitangoja.

Jumanne iliyopita nilimpigia Paroko tena nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Skola, kijana Menradi anaongoza ibada vizuri, simwondoi. Lakini wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa hawana wa kuwafundisha, na somo la Jumapili nitamrudishia mzee akilitaka. Mwambie wewe mwenyewe. Hilo sikufanyii." Nilipomwomba angalau akutayarishe kidogo kabla barua haijafika, akakata simu. Nilistahili.

Sikulazimishi kurudi. Nimekwisha kukuamulia mara moja, inatosha. Nakueleza tu ninachokijua kwa kazi yangu, safari hii bila uongo. Kwa mzee Kazimierz, kidonge kikimezwa saa moja hivi kabla, mkono hutulia kwa muda. Mwulize daktari wenu kama nawe unaweza kupanga hivyo siku ya ibada. Kitabu usikishike, kilazwe kwenye mimbari, na fundi aigongomee ubao mwembamba upande wa chini ili kisiteleze. Simama miguu umeitanua kidogo. Ukikwama kwenye neno, nyamaza, vuta pumzi, uanze tena. Watu watangoja. Watakaocheka watacheka, na mimi nimeshawaandikia wale wa kundi la ukoo ugonjwa wako ni upi na kwamba aliyeona aibu kuliko wote nilikuwa mimi. Kundi limekuwa kimya tangu siku hiyo, isipokuwa shangazi, dada yako, aliyeniandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia kwenye barua ya katekista. Alikuwa na haki.

Mzee Kazimierz sasa namjazia kikombe nusu tu, naweka taulo kifuani, kisha nakaa. Msimamizi wangu analalamika kwamba nimekuwa mzito. Kuna siku tunaongea, kuna siku anakunywa na mimi natazama mjakaranda ulio nje, umechanua zambarau tupu, na ninakuwaza wewe chumbani na mlango umefungwa.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya kifua namtumia kwa mkono huohuo ulioleta barua, na umweleze wewe kilichotokea, kwa maneno utakayoona yanafaa. Nisalimie Kaka Gaspa na wifi yangu, na watoto wao wote. Nisalimie shangazi, mwambie nimeyapokea yote aliyoniambia. Nisalimie wanakwaya, na Menradi, ambaye hakuomba kazi ile na nasikia anakuogopa.

Salamu za mzee Anselmi sizitumi ndani ya barua hii. Hizo naomba uzipeleke mwenyewe, kwa miguu yako, mpaka mlangoni kwake. Mwambie Skola anasema shikamoo, na kwamba ni yeye Skola aliyempigia Paroko. Usipoweza kusema mengine, hayo mawili yanatosha.

Wako niliyekukosea, na binti yako bado,

Skolastika